Jina Juu ya Maji

Wateja wa Redio siku hizi wamepungukiwa na maneno. Wanaingia, wanakaa, wananyoosha kidole kwenye picha za vichwa zilizobandikwa ukutani: hiki. Naye anawanyoa hicho. Zamani kibanda kile kilikuwa baraza. Mtu aliyekuja kupunguza ndevu aliondoka na habari za mtaa mzima, na ndiyo maana kinyozi mwenyewe akabandikwa jina la Redio. Sasa inasikika mashine tu. Anaelewa. Watu wana adabu zao mbele ya mfiwa.

Hata yeye hataki makelele. Juzi wembe ulimkata kidole gumba, akakitazama kikitoka damu kama kidole cha mtu mwingine. Akakifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Kile kibao cha kuwakalishia watoto juu ya mikono ya kiti amekitundika nyuma ya mlango. Aliyekikalia mara nyingi kuliko wote alikuwa binti yake wa pekee, na homa ilimchukua kabla mvua hazijaanza.

Lakini ganzi yake haimtishi. Mwanamume hukaza moyo. Anayemtisha ni mkewe.

Mkewe anakonda. Anasimama jikoni akilia mpaka maji ya chai yanakauka kwenye sufuria. Kwa dada yake anaongea, kwa majirani anaongea, ila wakiingia kulala anakaa kitandani akimkazia mumewe macho mdomoni, halafu anageukia ukuta. Kimya kina mshindo mkuu, na Redio anausikia huo mshindo. Yeye ndiye aliyesema wasubiri kukuche ndipo wampeleke mtoto hospitali. Anampenda mke huyu, na anaogopa kwamba siku moja atafungua kabati akute zimebaki nguo zake peke yake.

Walianza kwa daktari wa nafsi, hospitalini. Daktari aliuliza usingizi ukoje, chakula kikoje, na mke akajibu yote mwenyewe huku akijifuta machozi. Redio alikaa pembeni, kofia mapajani. Haikumshangaza. Mgonjwa ndiye ajuaye panapouma.

"Vidonge vya usingizi nitawapa," daktari alisema akivua miwani. "Ila hili lina mlango mwingine. Mnamjua Mama Bakuli? Nendeni kwake, kisha mrudi kwangu. Mimi na yeye hatugombani."

Leo ndiyo wakaenda. Kaka wa mkewe ndiye aliyeshika usukani, na huyo hata msibani utani haumwishi.

"Shemeji, hiki kichwa changu utakinyoa lini? Au unangoja kiote uyoga?"

Redio alitabasamu. Shemeji akamtazama kwenye kioo, akangoja kidogo, akacheka peke yake. Safari iliyobaki alikaza macho barabarani.

Mama Bakuli anafanyia kazi chumba cha nyuma ya duka la rangi. Viti vya plastiki, simu inachajiwa dirishani, sakafu imetoka kupigwa deki. Si mzee hata kidogo, ila hana haraka na mtu. Aliwaketisha wote watatu, maana kwake mtu haugui peke yake. Nyumba nzima ndiyo huugua.

"Tukimsindikiza mtu wetu kaburini," alisema akimimina maji katika bakuli la bati, "sauti ya aliyempenda sana humfuata. Wengine hurudi nayo. Wengine sauti zao hubaki kulekule, zinatangatanga, hazijui njia ya nyumbani."

Aliinamia bakuli mpaka midomo ikakaribia maji, akalitaja jina la marehemu mama yake. Uso wa maji ukatikisika.

"Mmeona? Mgonjwa akilitaja jina la marehemu wake hapa na maji yakatikisika, basi sauti imesikia inaitwa. Itarudi. Asipolitaja, tutakaa. Mimi sina safari."

Redio alimwelewa upesi. Sauti ya mkewe, ile ya chumbani, ile iliyokuwa yake peke yake, ndiyo iliyobaki makaburini. Hakuchukiwa, kumbe. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi kitu, kidogo, chini ya mbavu, na kitu chenyewe kilikuwa matumaini. Alimgusa mkewe begani kumpa moyo. Akamsogezea kiti karibu na bakuli.

Mama Bakuli alilinyanyua bakuli kwa mikono miwili, taratibu lisimwagike. Akampita mke. Akaliweka mapajani mwa Redio.

Mke akapiga magoti mbele yake, macho yakatua mdomoni kama kila usiku.

"Mume wangu, mimi sina lawama na wewe. Lakini tangu tumzike hujatoa hata neno moja, si kwangu, si kwa mtu yeyote. Taja jina lake tu. Lake tu, basi."

Redio akafungua kinywa awaambie wamekosea mtu.

Maji yalitulia tuli.