Kichupa cha Kumi

Vichupa vya maji vilikuwa tisa. Mkaguzi alivihesabu tena, na tena, kama mtu anayeibembeleza hesabu ibadilike. Tisa.

Kila asubuhi mashine ya lebo ilijaribiwa kwa vichupa kumi vya maji matupu, vyenye nukta nyekundu chini. Vilibandikwa lebo halisi ya ile dawa ya sindano ya kumzindua mtu aliyezidisha unga wa kulevya, kisha vikatolewa na kuvunjwa. Leo kimoja kilikuwa kimepita na wenzake, kikaingia boksini.

Na siku ilikuwa imeanza vizuri! Saa nne alitoka hadi getini, akampa binti yake koti la kazi likafuliwe, akarudi akiimba.

"Mama, labda kilianguka," alisema msimamizi. "Gari linasubiri. Weka sahihi tuachane na haya."

"Siweki! Mtu anakata roho, ndugu zake wanamchoma maji, halafu wanakaa kusubiri aamke? Wewe ungepata usingizi?"

Msimamizi akanywea. Kila mtu pale alijua kwamba mtoto wa kwanza wa mama huyu anatumia unga, na hakuna aliyebisha.

Mashine zikazimwa. Maboksi ya mkupuo huo wa mia sita, kila moja na kichupa chake na bomba lake la sindano, yakarudishwa mezani. Walifungua, wakapindua, wakatazama chini, wakafunga. Mkaguzi hakula wala hakukaa.

"Leo mama atatuhesabu hadi meno," alisema fundi wa mashine, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Hakuna aliyecheka.

Saa kumi jioni meza ilikuwa tupu. Nukta nyekundu haikuonekana.

"Mia tano tisini na tisa," alisema msimamizi. "Bado moja."

"Si lile la akiba!" Redio alipiga makofi. Katika kila mkupuo wa dawa mkaguzi alitoa boksi moja kwa mkono wake mwenyewe, akalifungia kabatini mwaka mzima, ili lipimwe likitokea lalamiko. "Basi kimo humo humo! Alhamdulillahi! Mama, lete ufunguo."

Watu wakashusha pumzi, wengine wakaanza kuvua glavu. Ufunguo ulikuwa shingoni kwa mkaguzi, kwenye kamba yake. Hakuugusa. Alitazama mlango wa kabati, kisha akageuka akatoka mbio.

"Mama! Kabati liko huku!"

Simu haziruhusiwi kuingia chumba cha lebo. Yake ilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, pale alipoiacha tangu saa nne. Alikosea namba ya siri mara mbili.

Ujumbe wa kwanza wa binti yake ulikuwa wa saa tisa na nusu: "Kaka kaanguka, midomo imekuwa ya bluu. Nimemchoma ile dawa uliyoificha kwenye koti."

Wa pili ulikuwa wa saa tisa na dakika hamsini: "Mama, mbona haamki? Na hii nukta nyekundu chini ya kichupa ni ya nini?"