Udongo wa Nyigu

Buibui walikuwa wamemwagika tena nyuma ya mlango wa Chepngeno, miguu ikitetemeka. Juu yao ukuta ulikuwa mtupu. Udongo wa nyigu ulikuwa umebanduliwa wote, hata chembe haikubaki.

Rodah aliwatazama kwa uchungu. Buibui hao hawakuwa wamekufa. Nyigu huwachoma wakalegea tu, kisha huwafungia ndani ya udongo pamoja na yai lake, ili mwanawe akitoka akute chakula kibichi. Na huyu si wale wakali wa kwenye majani chai. Huyu ni mweusi, kiuno uzi, miguu ya manjano. Mamake Rodah alikuwa akisema huyo akijenga nyumbani mwako, mtoto yuko njiani.

"Ni wewe unavunjanga," akamwambia mkaza mwana wake. "Hutaki kuzalia Kipkorir."

"Mama, haki ya Mungu si mimi."

"Miaka yote hii! Sijaona wewe ukitafuta udongo ya kutafuna kama wamama wengine wakiwa na mimba. Kipkorir akitoka Kericho Jumamosi, anakurudisha kwenu Ndanai."

Nelvine, binti kitindamimba wa Rodah aliyekuwa likizoni, alijikunyata ndani ya sweta lake la shule. Akasukuma kando kikombe cha chai ya maziwa.

"Mama, wachana na yeye."

"Nyamaza. Wewe soma vitabu yako."

Mvua ya El Nino ilikuwa imeacha tope kila mahali, na nyigu hakukata tamaa. Kufikia Ijumaa alikuwa amejenga tena. Chepngeno akabeba kikapu, macho mekundu, akaenda kuchuma majani. Rodah hakudanganyika. Alijua atarudi kisirisiri, basi akajibanza nyuma ya nyumba na fimbo. Za mwizi arobaini.

Mlango ukalia. Ukuta ukakwaruzwa.

Rodah akazunguka mbio, maneno ya kumfukuza mke wa mwanawe yakiwa tayari mdomoni. Alipofika mlangoni akasikia wimbo wa kanisa kutoka mbali, kule chini kwenye chai. Ilikuwa sauti ya Chepngeno.

Akashusha fimbo. Akasukuma mlango taratibu.

Buibui walikuwa wakitetemeka juu ya sweta la shule. Nelvine alikuwa amefumba macho, midomo imejaa udongo, anatafuna.