Dume la Kumuaga Milembe

Dume la ng'ombe lilikuwa limeshaangushwa, miguu yote minne imefungwa kamba, na baba alikuwa akilipapasa koo kwa dole gumba akitafuta pa kupitisha kisu, ndipo Milembe alipojua kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Baba, ngoja kwanza."

Wanaume waliolikandamiza dume mbavuni waligeuka. Nusu ya kijiji cha Sapiwi ilikuwa uani, imekuja kumuaga binti anayekwenda kusomea shahada ya pili. Tangu serikali iruhusu biashara huria, wachuuzi wa Mwanza walikuwa wamelifuata dume hilo na malori yao, baba akawafukuza. Hili ni la Milembe, aliwaambia.

"Chuoni siendi mwaka huu. Wamekubali kunisubiri. Nakwenda Msumbiji kujitolea. Wakimbizi wanarudi makwao, wanataka watu wa kilimo."

Kisu kilibaki pale pale kooni. Dume lilihema kwa nguvu, vumbi likaruka mbele ya pua zake.

"Huko si kuna vita?"

"Vimekwisha, baba."

"Na mashamba?"

Milembe hakuwahi kumdanganya baba yake. "Mengine bado yamefukiwa mabomu."

Baba alimtazama usoni, kisha macho yakashuka taratibu mpaka kwenye ndala zake, yakakaa hapo, kwenye vidole vilivyojaa vumbi.

Akainama, akakata kamba.

Dume likainuka kwa kishindo, watu wakatawanyika huku na huku. Baba hakusogea.

"Tutalichinja siku utakayorudi," alisema. "Urudi kwa miguu yako miwili."