Mtungi wa Apolinari

Marsela peke yake ndiye ambaye hakuja kuuza.

Wenzake waliopanga foleni mbele ya ofisi ya kijiji pale Sitalike walibeba mitungi ya bibi zao, na kila mmoja alikuwa ameshaitumia fedha yake kichwani. Bwana Isidori, mtaalamu wa makumbusho kutoka Dar es Salaam, alikuwa anatafuta mitungi ya zamani iliyochorwa kwa mkono. Marsela aliukumbatia wake kama mtoto mwenye homa.

Kwenye ukoo wa mumewe, mtoto akizaliwa bibi yake humfinyangia mtungi na kuuchora. Mtungi huo hukaa nyumbani maisha yote ya mwenyewe. Akifa, hata akifia ugenini, baba yake huutoboa kitako, maana mfu hanywi tena maji ya nyumbani. Mtungi ukiwa mzima, mtu wako yupo.

Na Apolinari, mwanawe wa pekee, alikwenda vitani Uganda mwishoni mwa sabini na nane. Vita vilikuwa vimekwisha. Kijana wa jirani yao Makoye alishashuka treni pale Mpanda, akiwa na mguu mmoja, lakini alishuka. Wa Marsela kimya. Mumewe Stanslaus alikwenda mjini kuuliza, akarudi na jibu fupi kwamba wasubiri.

Tangu siku hiyo Stanslaus ndiye aliyebeba matumaini ya nyumba nzima. Mwili ulimpukutika, lakini kila Marsela alipoanza kulia, alimwonyesha mtungi pale pembeni.

"Si huo hapo, mama Apolinari? Mzima. Sasa unalilia nini?"

Majuzi hata maji alimkataza kuutia, eti rangi za marehemu mama yake zitachujuka kabla kijana hajarudi kuziona. Marsela akampenda upya kwa ukaidi huo.

Ila wiki ile aliugonga kwa kidole, kama alivyozoea kila asubuhi, nao haukulia. Ulikohoa. Usingizi ukamruka. Kama mtungi umeingia ufa wenyewe bila kuguswa, si ndiyo habari yenyewe inabisha hodi? Kumuuliza Stanslaus hakuthubutu, asije akamvunja moyo. Alingoja aende porini kwenye mizinga yake ya nyuki, akajitwika mtungi. Njiani jirani yake Pelagia alimtia moyo: afadhali kujua, mficha maradhi kifo humuumbua.

Zamu yake ilifika. Isidori aliupokea mtungi kwa mikono miwili. Aliupapasa mdomoni, akalowesha kidole kwa mate na kusugua madoa meupe ya kanga yaliyozunguka tumbo. Rangi haikutoka.

Akasema mkono uliochora pale haupo tena mkoa mzima, na akataja bei iliyowafanya watu wa foleni wageuke.

"Siuzi, baba," Marsela alisema. "Nataka uniambie tu kama una ufa."

Mtaalamu alicheka kidogo, kisha akauona uso wake, akaacha. Aliugonga, akatega sikio. Akauinua kwenye mwanga wa mlango, akauzungusha polepole, akachungulia ndani. Marsela alihesabu pumzi zake. Kila mahali kidole kile kilipopita bila kusimama, Apolinari alikuwa hai.

"Ufa hakuna, mama."

Alimshukuru Mungu kwa sauti, na Pelagia, aliyekuwa nyuma yake, akamshika bega. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alinyoosha mikono achukue mtungi wake arudi nyumbani, akampikie Stanslaus ugali na kumweleza kwamba alikuwa sahihi siku zote.

Lakini Isidori alikuwa ameupindua. Alikuwa anakwangua kitako kwa ncha ya kisu chake, taratibu, kama mtu anayefurahia kazi ya mwenzake.

"Aliyeziba hapa ni fundi, nusura anidanganye," alisema. "Tundu limetobolewa kwa chuma, likazibwa na kupakwa udongo mwekundu juu." Akasogeza kipande puani. "Ni nta, mama. Mpya kabisa, bado inanukia asali."