Kiti cha Jongoo

"Siwezi, dada. Yule mtu atanipasua."

Meneja wa kiwanda cha sabuni alikuwa ofisini na msaidizi wake, mlango wameurudisha.

Aliyeogopwa hivyo ni mkata sabuni, pandikizi la mtu ambalo kiwanda kizima kililiita Jongoo kwa mwendo wake. Vipande vyake vilitoka pindapinda. Nusu ya siku alilala nyuma ya mapipa, na msimamizi aliyethubutu kumwamsha alirushiwa ndoo. Meneja naye, kila alipopanga kumwita, alishikwa na mafua ya ghafla au akakumbuka kazi ya haraka stoo. Lakini jana wenye kiwanda walimjia juu kwenye simu: wateja wanakimbia, jambo hili liishe kesho, la sivyo watajua la kufanya. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na kazi nyingine hakuijua.

"Anamalizia chai, atakuja sasa hivi," msaidizi alisema. "Tufanye mazoezi kama kawaida."

Ndio uliokuwa utaratibu wao pale. Mwenye maneno magumu ya kusema alikalia kwanza kiti cha atakayeambiwa, ayaonje. Basi meneja akaketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, na msaidizi akazunguka meza na kukaa kwenye kile kikubwa cha ngozi.

"Tumekuvumilia mwaka mzima," alianza, macho makavu. "Kazi inaharibika, unaiona, unanyamaza. Wenzako wamechoka kubeba mzigo wako."

Meneja alicheka kwa woga. "Hapo pa kunyamaza umeteleza, dada. Jongoo ana mdomo kama honi."

"Sijateleza. Kila siku una kisingizio kipya. Leo ni siku yako ya mwisho hapa. Kusanya vitu vyako, na hatutaki kelele."

Jasho lilimtoka meneja. Maneno yalimwingia hata akamwonea Jongoo huruma, jambo ambalo hakulitegemea kabisa.

"Umeniweza," alisema akijifuta uso. "Nitasema hivyohivyo, neno kwa neno. Haya, tubadilishane, nijaribu na mimi."

Mlango ukagongwa kwa kishindo. Meneja aliinuka mbiombio ili awahi upande wake wa meza, lakini kiti cha ngozi kilikuwa bado kina mtu.

"Dada, inuka basi! Ndiye huyo!"

Mlango ulifunguka na bega la Jongoo likajaza nafasi yote.

"Kaa chini, bosi," msaidizi alisema taratibu, kisha akatazama mlangoni. "Jongoo, nisubiri hapo nje. Wenye kiwanda wamenikabidhi watu wawili leo, na huyu bado sijamaliza naye."