Kengele ya Upande wa Pili

Fundi darizi aliichomoa adapta, akaipuliza, akaichomeka tena kwenye waya uliopita nyuma ya meza. Kompyuta yake kimya, kama imekula kiapo. Bila adapta hiyo, maua aliyoyachora kwenye kompyuta yasingefika kwenye mashine ya kudarizi, na shela la wifi yake, bibi harusi wa kesho, lingebaki jeupe pepepe.

"Sichezi tena!" alifoka mama mkwe wake, aliyekuwa akicheza karata kwenye kompyuta ya pili, iliyopeana mgongo na ya fundi. "Kila nikikaribia kushinda, hili dude linanipigia kengele, eti kuna kitu kimechomekwa. Mimi nimechomeka nini?"

Fundi aliigeukia adapta.

Akachomoa adapta polepole. Kengele ikalia upande wa pili. Akachomeka. Ikalia tena.

"Umesikia?" mama mkwe alilalamika.

Fundi akapiga magoti, akaufuata waya kwa kidole gizani mpaka nyuma ya kompyuta ya mama mkwe. Alicheka hadi akajigonga kichwa mezani. Akauchomoa, akauchomeka kwenye kompyuta yake.

Safari hii kengele ililia kwake.

"Unacheka nini, mwanangu?"

"Mama," alisema akifuta machozi, "umeshinda."