Ngiri Afundishaye Kuteleza

Huko juu mlimani, theluji inakodondoka kimya kama usingizi, wanyama waliteleza kwa vibao. Ngiri, aliyeringia meno yake marefu, alishuka akipiga kelele, "Pisheni, bosi anakuja." Waliokuwa chini wakaruka kando.

"Mzee, wewe unatuona, sisi hatuna macho kisogoni," Kobe alimwambia. "Kata kona wewe."

"Una cheti, wewe?" Ngiri akamuuliza.

Ngiri akafungua darasa la kuteleza, na Pimbi akahitimu wa kwanza.

Siku moja Ngiri alisimama katikati ya mteremko akitazama mawingu. Sauti ikatoka juu, "Pisheni, bosi anakuja."

"Pimbi, ni mimi, kata kona!"

"Hiyo topiki hatukufika, ticha," Pimbi alijibu kwa heshima, akizidi kushuka.

Theluji ikayafunika yale meno mawili yaliyobaki yamechomoza, polepole.